Mwanagenzi Mkuu wa Itamba

Kichwa cha Naibu Gwakisa Mwaisumo kilinyolewa jukwaani, mchana kweupe, mbele ya mji mzima wa Itamba, na hakuna hata mtu mmoja aliyecheka.

Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea. Itamba, kila mwaka kiangazi kikikolea, kiongozi wa mji huvuliwa uheshimiwa kwa mwezi mzima na kupewa mwalimu kwa kura. Hukaa kwenye kigoda cha mwalimu huyo, hufagia, hutumwa maji, hugombezwa, na hufundishwa kazi ambayo hajaigusa tangu azaliwe. Mwezi ukiisha hupandishwa jukwaani aonyeshe alichojifunza, naye huboronga, na watu hucheka mpaka machozi yawatoke. Siku hiyo wanaiita Aibu Njema. Ndiyo maana hata cheo chenyewe, ambacho kwingine wanakiita Mkuu wa Mji, Itamba wanakiita Mwanagenzi Mkuu, na wanakitamka kifua mbele. Ukumbini kwao hukuti picha za viongozi waliovaa tai. Unakuta kiti cha miguu mitatu na nusu alichochonga mmoja, shati lenye mkono mmoja mrefu hadi magotini alilolishona mwingine, na mtego wa samaki ambao, haki ya Mungu, uligeuka nyumba ya wageni: samaki waliingia, wakapumzika, wakatoka. Mgeni akiuliza, wenyeji humwonyesha vitu hivyo kimoja kimoja, na ole wake akicheka kabla yao.

Mwaka huu kura ilimwangukia Lusubilo, kinyozi wa sokoni, mzee mwenye mdomo usiopata likizo. Mwezi mzima watu walikuwa wakipita nje ya banda lake wakichungulia. Gwakisa, naibu wa mji, alikuwa amejitolea kichwa chake kwa moyo mkunjufu, na mkewe alishamwandalia kofia ya kuvaa baada ya maafa.

Basi Mwanagenzi Mkuu, Tusekile Kalinga, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana na kicheko cha kusikika mtaa wa pili, alishika mashine ya kunyolea, akainamisha kichwa cha naibu wake, akaanza. Hakusita. Alipanda kisogoni, akazunguka masikio, akachonga ukingo wa paji la uso kwa wembe, akapangusa. Gwakisa aliposimama alikuwa amependeza utadhani anakwenda kuoa. Watu wakapiga makofi. Yalikuwa makofi ya adabu, yale anayopigiwa mgeni rasmi aliyechelewesha chakula.

Lusubilo alikung'uta shuka lake, akalikunja, akalitia kwapani.

"Mwanangu, mimi sina nilichokufundisha," alisema.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Tangu siku ya kwanza hujakosea. Nimekaa na mwanafunzi mwezi mzima sijapata hata nafasi ya kumwambia 'si hivyo'. Sasa mimi ni mwalimu wa nini?"

Akashuka jukwaani, akapita katikati ya umati, akaenda kufungua banda lake. Tusekile alibaki na mashine mkononi, bado inanguruma. Aliona aibu, na safari hii haikuwa njema hata kidogo.

Sababu kila mtu aliijua. Ilikuwa nyuma ya sikio lake la kushoto.

Yenyewe ni punje tu, ndogo kuliko ulezi, na mafundi wa Shirikisho la Nyanda waliipa jina la Mjuzi. Hupandikizwa chini ya ngozi, ikaotesha nyuzi nyembamba kuliko unywele hadi kwenye ubongo, ikaishi kwa joto la damu ya mwenye nayo. Nyuzi hizo hukamata swali likiwa bado chipukizi, kabla mwenyewe hajatambua kwamba anauliza, zikalipeleka kwenye Hazina, ghala la kila kitu ambacho watu wa Nyanda wamewahi kupima na kuthibitisha. Jibu hurudi papo hapo, tena halirudi kwa sauti. Linakuwa tu limo kichwani, utadhani ulizaliwa nalo. Hata mikono hufundishwa. Na mkataba wa Shirikisho haukuwa na mzaha: mji usio na Mjuzi aliye macho katika uongozi wake haujitawali, utaletewa msimamizi kutoka makao makuu. Miji yote ilishakubali. Itamba, wabishi wa kuzaliwa, walikuwa wa mwisho.

Na tusiseme uongo, Mjuzi aliwafaa. Masika iliyopita Tusekile aliinuka mezani tonge likiwa mkononi, akaamuru watu wote wa mteremko wa Ndala wahame, sasa hivi, hata sufuria waziache jikoni. Walihama wakinung'unika. Kabla jua halijazama mlima uliporomoka ukafunika nyumba zote, na hakuna mtu aliyekufa. Mama mzazi wa Gwakisa alikuwa miongoni mwao, amebebwa mgongoni na mwanawe huku akimtukana njia nzima. Kwa hiyo ukienda Itamba ukasema Mjuzi ni upuuzi, watakuuliza wewe ulikuwa wapi siku ile.

* * *

Kesho yake asubuhi injinia Ambokile aliingia ofisini kwa Mwanagenzi Mkuu. Huyu ndiye mwangalizi wa visima vya mvuke, na Itamba bila mvuke si mji, ni baridi tu. Mvuke wa mlima unawapikia, unawapashia nyumba joto, unazungusha mitambo ya umeme, unakausha chai yao. Zamani Ambokile alikuwa akiingia ofisi ile asubuhi, anatoka mchana, amekamuliwa maswali mpaka koo limkauke, na jioni analalamika kwa mkewe kwamba mama yule atakuja kumuua.

"Shikamoo, Mama. Kile kisima cha Lupando..."

"Marahaba. Kinanguruma. Ni chokaa imeganda ndani ya bomba. Kisafisheni kwa tindikali."

"Tumekisafisha, Mama. Lakini mchana kikaanza..."

"Kisafisheni tena. Chokaa ya tabaka la chini huoshwa mara mbili."

Ambokile aliitazama kofia yake ngumu aliyoishika mikononi.

"Sawa, Mama," alisema, akaondoka.

Mazungumzo yalikwisha kabla chai ya Tusekile haijapoa. Ambokile alikuwa ameshafika mlangoni ndipo Tusekile akahisi kuna kitu kimepungua. Alitaka kumwita arudi. Amwite amwambie nini? Alijipekua moyoni akitafuta swali la kumuuliza, hakulikuta.

Akasogea dirishani. Ng'ambo ya barabara mbuzi alikuwa amesimama juu ya ukuta wa shule, miguu yote minne mahali pa kutosha sahani. Zamani angeganda pale akijiuliza kapandaje, atashukaje, na kwa nini mbuzi wanapenda hivyo kuwa juu ya vitu. Sasa kabla hajashangaa alishajua: kwato, misuli, silika ya kuwakimbia wanyama wakali. Mbuzi akawa mbuzi tu. Akaangalia wingu, akalijua. Akaangalia kiganja chake, akakijua. Akajaribu kwa makusudi kushangaa kitu, chochote kile, kama mtu anayetafuta chafya iliyompotea. Wapi.

Huyu ni Tusekile ambaye utotoni mama yake alimpachika jina la Kwa Nini na kumfukuza jikoni kwa maswali yake. Mji ulimchagua kwa sababu moja: kwenye mkutano wa kampeni aliwauliza wapiga kura habari za maisha yao mpaka giza likaingia, akasahau kuomba kura. Sasa alikaa kitini akalia. Alilia kwa uchungu wa mtu aliyefiwa, maana kweli alikuwa amefiwa, na marehemu ni yeye mwenyewe. Alipotaka kujiuliza machozi haya yote yanatoka wapi, jibu lilikuja mara moja, na majina ya tezi zake.

* * *

Alasiri alikwenda bandani kwa Lusubilo. Wateja walikuwepo, mmoja wao Ambokile, povu limemjaa kidevuni.

"Mwalimu," Tusekile alisema, "ninyoe hapa, nyuma ya sikio. Daktari anataka pawe peupe."

Lusubilo alinyamaza. Wateja walipoona kinyozi yule kanyamaza, walijua jambo zito limeingia bandani.

"Umeamua?"

"Nimeamua, ila naogopa. Ningeweza hata kujinyoa kwa kioo, mkono unajua. Nimekataa."

"Kinyozi hajinyoi," Lusubilo alisema, akimfungia shuka shingoni. "Na ungethubutu ningekupeleka kwa balozi wa mtaa. Kaa, inama."

Wembe ulikuwa haujagusa ngozi Gwakisa alipoingia, anahema, kichwa chake kizuri kinang'aa jasho.

"Dada Tusekile, niambie ni uvumi."

"Si uvumi."

"Mama yangu saa hizi yuko nyumbani anapepeta mchele na kulalamikia magoti. Yuko hai. Unajua kwa nini yuko hai?"

"Najua."

"Basi sema mbele ya hawa! Sema kwamba masika ijayo mlima ukishuka tuzike watu, ili wewe upate raha ya kuuliza maswali!"

Hilo ndilo lililokuwa likimla Tusekile tangu asubuhi, na sasa lilikuwa limesemwa kwa sauti na mtu anayempenda. Mjuzi hapo hapo alimwekea kichwani hoja za kumshinda Gwakisa, zote za kweli, zimepangwa vizuri. Tusekile aliziacha zilivyo.

"Gwakisa, ndugu yangu, siitupi punje hii," alisema polepole. "Naitoa kichwani niiweke mezani, iulizwe na kila mtu. Ikisema hameni, tutahama, na mama yako nitambeba mimi. Lakini leo asubuhi Ambokile huyu alikuja kuniambia jambo sikumwacha amalize. Mpaka sasa sijui alitaka kusema nini. Na si hilo linalonitisha. Linalonitisha ni kwamba sikutaka kujua."

Ambokile alitazama sakafu, povu likimdondokea kifuani.

"Ule mlima," Tusekile aliendelea, "Hazina iliujua kwa sababu zamani kuna mtu alijiuliza milima huporomokaje, akapanda, akachimba, akapima. Sisi tulio na Mjuzi hatupandi tena. Siku mlima ukifanya jambo jipya, nani atakuwa ameuliza?"

"Na Mkaguzi wa Shirikisho anayekuja kutupima? Na mkataba?"

"Mkataba unasema Mjuzi awe macho katika uongozi wa mji. Haukusema akae kwenye kichwa cha nani."

"Anaishi kwa joto la damu, dada! Utamweka wapi, kwenye kabati?"

"Joto?" Ambokile aliinua kidevu chake cha povu. "Mheshimiwa Naibu, hapa ni Itamba. Tukose yote, joto tutakosa?"

Wateja wakaangua kicheko. Gwakisa hakucheka. Alimtazama Tusekile kwa macho ya mtu aliyesalitiwa, akatoka bila kuaga, na Tusekile akainamisha kichwa ili wasimwone uso.

Daktari aliitoa punje jioni ile. Wakaitumbukiza kwenye chupa kubwa ya chai, ile ya kuhudumia harusi, yenye maji ya chemchemi yaliyopozwa hadi joto la mwili, nyaya zikapitishwa kwenye kifuniko na spika ndogo ikafungwa ubavuni. Tusekile aliamka kesho yake hakumbuki majina ya nusu ya watu aliokuwa akiwasalimia. Hesabu za mji zilimpotea. Alisoma ukurasa mmoja mara tatu hakuuelewa, akajiona mjinga, akaogopa kwamba Gwakisa alisema kweli.

Halafu Ambokile akaingia, na macho ya Tusekile yakashuka kwenye gambuti zake za mpira, zilizofungwa kamba za katani vifundoni.

"Ambokile, hizo kamba za nini?"

Injinia alijitazama miguuni. "Ni gambuti za marehemu kaka, Mama. Kubwa kwangu. Sikutaka kuzitupa."

"Kaka yako yupi? Alikuwa mtu wa namna gani?"

Ambokile alivuta kiti. Alikaa hadi mchana, na kati ya habari za kaka yake alimweleza kisima cha Lupando: kwamba kinanguruma mchana tu, jua likiwa utosini, kwamba kimeoshwa mara mbili na bado kinanguruma, kwamba siku hizi ukiweka kiganja kwenye ukuta wake unahisi unatetemeka, na ukuta ule ukipasuka mvuke utawafikia watoto wa shule ya Lupando kabla hawajainuka kwenye madawati. Tusekile aliuliza, akauliza tena. Alikuwa akitabasamu na hofu imemjaa, vyote kwa pamoja.

* * *

Mkaguzi wa Shirikisho alifika kabla ya siku aliyotangaza, ndiyo desturi yao. Aliitwa Leokadia Ngonyani, dada mrefu, mpole, aliyepandikizwa Mjuzi tangu msichana. Alikuwa akisema bila kusita mahali popote, na hakuna aliyewahi kumsikia akimaliza sentensi kwa kupandisha sauti. Watu walijaa uwanjani. Mezani palikuwa na karatasi yake, kalamu yake, na chupa ya chai.

"Mheshimiwa Mkuu wa Mji," alianza.

"Mwanagenzi Mkuu!" watu wakamsahihisha kwa sauti moja.

"Mwanagenzi Mkuu. Nyuma ya sikio lako pana kovu. Mjuzi wa mji huu yuko mahali pengine."

Tusekile aliigonga chupa kwa ukucha. "Yumo humu."

Uwanja ukavunjika mbavu. Mkaguzi aliinama, akaikagua chupa, akasikiliza, akainuka.

"Yuko macho," alikiri. "Lakini roho ya mkataba ni kwamba uongozi ujue. Nitakupima kwa jambo moja la mji wako mwenyewe. Eleza sababu ya kisima cha Lupando kunguruma. Ukiieleza, mji unabaki wenu. Usipoieleza, natia sahihi hapa, na msimamizi ataingia kesho."

"Chokaa," ilisema chupa, bila kuulizwa.

"Sikuiambia chupa," Mkaguzi alisema. "Nimemwambia yeye."

Hapo Gwakisa, ambaye tangu siku ya kinyozi alikuwa hamsemeshi, alisogea akamwinamia sikioni.

"Sema chokaa," alinong'ona. "Nakuomba, dada yangu. Neno moja tu. Sema chokaa, mji ubaki wetu, halafu tukatafute taratibu."

Ushauri haukuwa mbaya. Tusekile aliujua uzito wake. Babu zake waliijenga Itamba kwa kuhama utawala wa watu waliokuwa na majibu yote, na sasa angeipoteza kwa kukosa neno moja ambalo hata chupa ya chai inalisema. Lakini akishasema chokaa mbele ya uwanja huu, litakuwa neno la Mwanagenzi Mkuu. Tindikali itamwagwa tena, kitabu kitafungwa, na hakuna atakayetafuta kitu kingine. Ukuta utaendelea kutetemeka pembeni ya shule.

"Sijui," alisema.

Gwakisa alifumba macho. Mkaguzi akachukua kalamu.

"Sijui," Tusekile alirudia, safari hii kwa ile sauti yake ya kufika mtaa wa pili. "Mjuzi anasema chokaa. Tumeosha, tumeosha tena, kinanguruma. Mimi nadhani ni kiwanda cha chai, mitambo yake mipya inanyonya mvuke mno mchana. Nadhani tu. Leo tulipanga kukizima tusikilize. Jua hilo linakaribia utosini. Kalamu yako haiozi, Mheshimiwa. Twende tukasikie wote, kisha utie sahihi yako."

Sauti ya kizee ikatoka mbele kabisa, kwenye viti vya wazee. Ilikuwa ya mama yake Gwakisa.

"Huyo ndiye wetu! Niliyempigia kura ni huyo! Gwakisa, acha kusimama kama mlingoti, njoo unibebe, nataka kusikia hicho kisima."

Naibu wa mji akamgeuzia mama yake mgongo akainama, mji mzima ukacheka, na umati ukateremka Lupando: wachuma chai na makapu yao, walimu, wauza mandazi, Mkaguzi katikati na viatu vyake vya ofisini vinazama kwenye tope la chemchemi. Shule ilishaondolewa watoto. Kiwanda kikazimwa. Watu wakasimama mbali kidogo na kisima, wengine wameshikana mikono.

Jua likafika utosini. Kisima kikanguruma.

Kilinguruma kwa nguvu kuliko jana, ardhi ikatetemeka mpaka kwenye nyayo. Kila mtu aligeuka kumtazama Tusekile, na Tusekile, mdomo wazi, akageuka kukitazama kiwanda kilichozimwa.

"Si kiwanda!" kijana mmoja wa chai alipiga yowe. "Mwanagenzi kakosa!"

Loo! Watu walicheka. Walicheka wakashikana mabega, wakacheka wakakaa chini kwenye tope, na Tusekile alicheka kuliko wote, mikono kiunoni, moyo umemfunguka. Meneja wa kiwanda, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, alicheka mpaka akaomba maji.

"Haya, nimekosa!" Tusekile alisema akijifuta macho. "Si kiwanda, tumelijua hilo. Sasa nisaidieni. Tunafanya nini mchana ambacho mwaka jana hatukukifanya?"

Majibu yakamiminika. Shule inatoka, aa, siku zote inatoka saa hizo. Mkate mpya wa Tumaini mwokaji, aa. Mkate unaokwa alfajiri. Kwaya, kwaya haijawahi kutetemesha ardhi, ingawa besi wao wanajaribu.

"Mimi ninachofanya mchana nakijua," Lusubilo alisema. "Napiga miayo! Wateja wangu wote wamo kwenye yale mabafu yako mapya, wanaloweka miguu."

Watu wakacheka tena, lakini Tusekile alikuwa ameacha kucheka. Mabafu ya umma. Aliyajenga yeye baada ya masika, kwa ramani ya Mjuzi, na yalikuwa fahari yake.

"Ambokile, bwawa lile kubwa huwa mnalimwaga saa ngapi?"

"Mchana, Mama, watu wakiwa kwenye yale madogo. Likisafishwa, maji yanakwenda kwenye ule ufa wa zamani wa mawe, juu hapo."

"Na ule ufa unakwenda wapi?"

"Hauendi popote. Hazina inasema uliziba zamani."

"Nani aliingia kutazama?"

Ambokile hakungoja kuambiwa. Alikimbia kupanda kilima, kamba za gambuti zikimpiga vifundoni, na baada ya kitambo wakamwona akizungusha gurudumu la bomba la mabafu kwa nguvu zake zote.

Walisubiri. Kisima kilinguruma, kikanguruma kwa chini, kikakohoa, kikanyamaza.

Watu walitaka kushangilia, Tusekile akainua mkono. "Fungua tena!" alipaza sauti. Maji yakafunguliwa, wakasubiri, ngurumo ikarudi. "Funga!" Ikanyamaza. Maji ya bwawa yaliyopoa yalikuwa yakipenya ufa hadi kwenye mwamba wa moto, yanalipuka kuwa mvuke pembeni ya kisima na kuugonga ukuta wake kila mchana. Kabla ya masika nyingine ungepasuka, na tindikali yote waliyoimwaga ingeuharakisha tu.

"Mabafu ni yangu," Tusekile aliwaambia watu wake. "Na kosa ni langu. Kesho tunaingia ndani ya ule ufa, mimi wa kwanza."

"Wa pili ni mimi," Gwakisa alisema, mama yake bado yuko mgongoni.

Hapo vigelegele vikapasuka. Wanawake wa chai walipiga makapu yao, wanaume wakaanza kuimba jina la mji, Itamba, Itamba, na Tusekile alisimama katikati yao ana tope hadi magotini, akijivunia kila mmoja wao.

Mkaguzi Leokadia alikuwa amekwenda peke yake hadi kisimani. Aliweka kiganja kwenye ukuta uliotulia, akakiacha hapo. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea njia nyumbani kwao.

"Mjuzi wangu anasema ni chokaa," alisema taratibu. "Mpaka sasa hivi anasema ni chokaa."

Alifunika kalamu yake, akaikunja karatasi isiyo na sahihi. Midomo yake ikatikisika, ikijaribu kitu ilichokisahau, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, ikapanda mwishoni kwa kusuasua.

"Mlijuaje?"

Tusekile alimwendea, akamshika mkono, wote wawili wametapakaa tope.

"Hatukujua, dada," alisema. "Ndiyo maana tulikuja."